Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu: Hesabuni siku ambazo mtoto amekula

Kwa Waziri wa Elimu. Kwa Katibu wa Idara ya Elimu ya Msingi. Kwa wasimamizi wa Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamaji, NACONEK, linalosimamia chakula cha shule. Na kwa wabunge wa Kamati ya Elimu katika Bunge la Taifa.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi kutoka upande wa bara wa Kaunti ya Kilifi, na wazazi wenzangu wamenichagua niwe kwenye kamati inayoangalia chakula cha watoto shuleni kwetu. Siwaandikii kuomba chakula kiongezwe, ingawa kikiongezwa tutashukuru. Nawaandikia kuhusu jinsi mnavyokifuatilia hiki kilichopo, kwa sababu naamini mnahesabu kitu ambacho si chenyewe. Mnahesabu magunia na majina. Tunawaomba mhesabu siku ambazo mtoto amekula, na mtuonyeshe hesabu hiyo.

Niseme kwanza kwamba chakula hiki kina maana kubwa kwetu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu kubwa za maeneo kame ya Kenya, na huku Ganze na Magarini watu waliuza mbuzi mpaka zizi likabaki tupu. Miaka ile mzazi asiye na kitu alimwamsha mtoto na kumwambia, nenda shule, leo kuna pure (mahindi na maharagwe). Siku jikoni kulipokuwa na moshi, madarasa yalijaa. Siku ambayo hakukuwa na moshi, watoto wa chini waligeuza njia saa nne, na wale wakubwa wakaenda kuchoma makaa. Hakuna mwalimu wa huku atakayebisha hilo.

Mpango wenyewe si mgeni. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kulisha watoto wa shule hapa nchini mwaka 1980. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake, wa chakula kinachonunuliwa hapa hapa nyumbani, na mwaka 2018 shirika lile likakabidhi shule zake za mwisho kwa serikali. Tangu hapo mzigo ni wetu wenyewe, na ndiyo maana barua hii inakuja Nairobi na haiendi Roma, makao makuu ya shirika lile. Sasa serikali imetangaza nia ya kuwafikia wanafunzi milioni 10 ifikapo 2030. Ni nia njema, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kama hesabu ya watoto wa sasa ina tundu, tundu hilo litakua pamoja na mpango.

Tundu lenyewe ni hili. Taarifa zinazotufikia husema tani ngapi zimenunuliwa, shule ngapi zimepelekewa, watoto wangapi wamefikiwa. Mtoto aliyekula siku 12 katika muhula na mtoto aliyekula siku 60, wote wawili wanaandikwa kwamba wamefikiwa. Kwenye jedwali lenu wanafanana kabisa. Kwenye dawati hawafanani hata kidogo.

Tuchukue shule ya watoto 400, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Kiwango kilichozoeleka katika mpango huu kwa miaka mingi ni gramu 150 za nafaka kwa mtoto kwa siku, gramu 40 za maharagwe au jamii yake, gramu 5 za mafuta, na chumvi. Kwa watoto 400, hiyo ni kilo 60 za mahindi au mchele kila siku, yaani gunia moja la kilo 50 na kilo 10 juu yake, pamoja na kilo 16 za maharagwe. Muhula wa wiki 13 una siku 65 za masomo kama hakuna sikukuu ndani yake. Shule hiyo basi inahitaji kilo 3,900 za nafaka, ambazo ni magunia 78, na maharagwe yanayokaribia magunia 21.

Sasa lori linaleta magunia 40, nalo linafika wiki ya nne. Mzigo umepokelewa, karatasi imesainiwa, shule imehesabiwa. Magunia 40 ni kilo 2,000, na kilo 2,000 kwa kiwango kamili ni chakula cha siku 33. Zile wiki tatu za mwanzo, ambazo hazikuwa na kitu, hazionekani popote. Muhula ukiisha siku 33 zimekuwa na chakula na siku 32 hazikuwa nacho, karibu nusu kwa nusu, ilhali ripoti inasema wanafunzi 400 wamenufaika.

Na mara nyingi hata hizo siku 33 hazibaki 33, kwa sababu mtunza stoo hawezi kuvumilia kuona sufuria limelala wiki nzima ilhali kuna watoto. Anakinyoosha chakula kifike mbali. Nataka niwaeleze kinavyonyooshwa, kwa kuwa hakuna fomu inayouliza.

Katika stoo niliyoizoea hakuna mizani. Kipimo ni kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo kwa kisu, limepinda upande mmoja kwa kuangushwa. Chakula kikiwa kimefika juzi, kopo linajazwa kwa kilima, mahindi yanamwagika pembeni na kuku wanayafuata. Wiki mbili zikipita, kopo linafutwa juu kwa kiganja. Baadaye idadi ya makopo inashuka, halafu maharagwe yanapunguzwa kuliko mahindi kwa sababu yaliletwa machache tangu mwanzo, na mafuta yanakuwa ya Jumatatu na Jumatano tu. Mwishoni mwa mwezi pure ya mtoto wa gredi ya 2 ni mahindi yaliyochemshwa, na maharagwe unaweza kuyahesabu sahanini bila kuinama. Hakuna aliyeiba. Mama mpishi hajaenda na kitu nyumbani, mwalimu hajauza kitu. Lakini gramu 150 zimekuwa labda 80, na kwenye kitabu siku hiyo inaandikwa kama siku nyingine zote: watoto 400 wamekula.

Wanunuzi wa korosho wakija huku msimu ukifika, kila mmoja anakuja na mizani yake ya kuning'inia, anaifunga kwenye tawi la mwembe na mzee anayeuza anasimama kando anaisoma mwenyewe. Hakubali kilo ya macho. Shule inayopokea tani mbili za mahindi ya serikali haina mizani hiyo, na lori likifika jua linatua, dereva ana shule nyingine tatu za kwenda, mwalimu mkuu anasaini magunia 40 ya kilo 50 kwa kuwa ndivyo yalivyoandikwa ubavuni. Gunia likiwa na kilo 46, nani atajua? Magunia 40 yakipungua kilo nne nne, hizo ni kilo 160, yaani zaidi ya siku mbili na nusu za chakula kwa shule ile ile. Sidai kwamba yanapungua kila mahali. Nasema kwamba kwa utaratibu uliopo hamwezi kujua, na sisi pia hatuwezi.

Liko suala la idadi ya watoto. Orodha inayotumika kugawa chakula ni ya usajili, na usajili wa shule za huku hauketi kitako. Ukame ukizidi, familia za wafugaji husogea na watoto wao. Mvua ikinyesha wengine wanarudi. Kuna sekondari msingi, gredi ya 7 hadi ya 9, ambazo tangu Januari 2023 zimekaa ndani ya ua wa shule za msingi. Kuna chekechea, ambazo kikatiba ziko chini ya kaunti, lakini darasa lao liko hatua chache kutoka jikoni. Kama watoto hao hawamo kwenye hesabu ya mgao, mnataka mama mpishi afanye nini mtoto wa miaka minne akisimama mbele yake na sahani? Atampakulia. Anayetunga mgao Nairobi akiwasahau, chakula chao kinatoka kwenye sahani za wengine, na hapo pia kitabu hakisemi kitu.

Halafu kuna siku ambazo stoo imejaa na watoto hawali. Hizi ndizo zinazoniumiza zaidi, kwa sababu chakula kipo. Serikali inaleta mahindi, maharagwe na mafuta. Maji, kuni na mshahara wa mpishi vimeachiwa wazazi. Mahindi makavu na maharagwe yanataka maji mengi na moto wa saa nyingi. Si chakula cha kuchemshwa dakika 20. Bwawa likikauka, maji yananunuliwa kwa mtungi, na mzazi aliyeshindwa kununua unga wa nyumbani hawezi kutoa pesa ya maji ya shule. Mtoto anaambiwa aje na ukuni mkononi asubuhi, na anayekuja bila ukuni wakati mwingine anasimamishwa kando ya foleni. Mpishi akikaa miezi miwili bila kulipwa, anaacha kazi aende kulima kibarua, na ana haki. Jiko linazima, magunia yamepangwa vizuri ndani, na mkaguzi akija ataandika kwamba shule ina chakula cha kutosha. Ufuatiliaji usiouliza habari za maji, kuni na mpishi hautawaambia kamwe kwa nini watoto hawakula.

Naomba pia mlitazame suala la usalama wa chakula chenyewe. Nchi hii haijasahau mwaka 2004, wakati mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini, yalipowaua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na majirani zao, kati ya wagonjwa 317 walioripotiwa. Sumukuvu haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. Inayoonekana ni hali inayoileta: gunia lililokaa chini kwenye sakafu ya udongo, paa linalovuja, mahindi yaliyoletwa yakiwa bado na unyevu kupita asilimia 13.5 inayokubaliwa. Stoo nyingi za shule ni darasa kuukuu lisilo na chaga za kuinulia magunia. Afisa anayekuja mara moja kwa muhula, au mara moja kwa mwaka, hawezi kuliona tone la mvua lililoingia Alhamisi usiku. Mpishi analiona. Tatizo ni kwamba hana wa kumwambia zaidi ya mtu yule yule anayemwajiri.

Tafadhali someni yaliyotokea katika jimbo la Bihar nchini India, Julai 2013. Watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana cha bure shuleni, kilichopikwa kwa mafuta yaliyokuwa na dawa ya kuulia wadudu wa mimea. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba mpishi aliyaona mafuta yale si ya kawaida na akasema, lakini akaambiwa apike. Wale walikuwa watoto wa shule ya kijiji, watoto wa watu maskini kama wetu. Shule ilikuwa na mpishi aliyeona na hakukuwa na njia ya neno lake kumfikia mtu mwenye uwezo wa kulizima jiko.

India nimeitaja kwa sababu nyingine pia. Nchi ile imepitia tunayopitia sisi, kwa idadi kubwa mno ya watoto, na kuna mambo imeyaandika kwenye sheria ambayo sisi hatujayaandika. Mahakama ya Juu ya India ilipotoa amri mnamo Novemba 2001 kwamba watoto wa shule za serikali wapewe chakula kilichopikwa, ilitaja kiwango cha chakula, na ikataja siku: zisizopungua 200 kwa mwaka. Tangu hapo mzazi wa kijijini ana namba ya kudai. Kanuni zao za 2015 zikasonga mbele. Shule ikikosa kutoa chakula siku tatu za masomo mfululizo, au siku tano katika mwezi, serikali ya jimbo inawajibika kumtafuta aliyesababisha. Mtoto aliyekosa chakula anastahili kupewa nafaka na pesa za kufidia siku hizo. Chakula kinaonjwa na watu wazima, mwalimu akiwa mmoja wao, kabla hakijapakuliwa kwa watoto. Sisemi kwamba kanuni hizo zinafuatwa kila kijiji cha India. Magazeti yao yamejaa malalamiko. Nasema mzazi wa kule ana karatasi ya kushika mkononi, na ameandikiwa ni siku ya ngapi serikali inahesabiwa kuwa imekosea. Mimi hapa nikiulizwa ni siku ngapi za kukosa chakula ndizo kosa, sina jibu.

Brazil nayo ina mfano wa aina nyingine. Kule kila manispaa inayopokea pesa za chakula cha shule lazima iwe na baraza lake la chakula, lenye wazazi, walimu na watu wa vyama vya kiraia, na mwakilishi wa serikali hawezi kuwa mwenyekiti wake. Baraza ndilo linalokagua hesabu na kutoa maoni kama zikubaliwe au zikataliwe, na mahali lisipokuwepo pesa za serikali kuu zinaweza kusimamishwa. Sheria hiyo ni ya 2009, mwaka ule ule ambao sisi tulianza mpango wetu wa nyumbani. Sisi tuna bodi za usimamizi chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na tuna muungano wa wazazi. Lakini juu ya chakula nafasi yetu ni kuitwa kushusha magunia na kuchanga pesa za mpishi. Karatasi ya mgao hatuioni.

Na Nairobi, tangu 2023, watoto wa mpango wa Dishi na County wanalipa shilingi 5 na kugusisha bangili yao kwenye kifaa kabla ya kupokea sahani. Mpango ule una jiko kubwa, barabara na umeme, kwa hiyo sitaki mtuletee bangili Ganze kesho. Ninachokipenda ni kwamba sahani inahesabiwa pale inapoingia mkononi mwa mtoto, siku hiyo hiyo. Jambo hilo halihitaji bangili.

Hivi ndivyo tunavyoona linavyoweza kufanyika huku kwetu. Kila siku ya shule saa nane, ujumbe mfupi wa simu, wa bure, unaoweza kutumwa hata kwa kabambe, ile simu ndogo isiyo na intaneti, uulize maswali matatu tu: leo mmepika au hamkupika, watoto wangapi wamekula, kama hamkupika, kilichokosekana ni chakula, maji, kuni au mpishi. Uttar Pradesh kule India ilianza kuwapigia walimu simu za namna hii zaidi ya miaka kumi iliyopita. Lakini msimuulize mwalimu mkuu peke yake. Yeye ndiye aliyepokea chakula, ndiye anayekiandika, na ndiye atakayeulizwa kikipotea, na hata akiwa mtu mwaminifu kabisa mmemweka mahali pagumu. Ulizeni pia simu ya pili, ya mzazi aliyechaguliwa mkutanoni, anayebadilishwa kila mwaka. Majibu mawili yakilingana, endeleeni. Yasipolingana siku kadhaa, mnajua ni shule gani ya kutembelewa wiki hiyo, na petroli haipotei kwa kuzunguka shule ambazo hazina shida.

Nafahamu walimu wakuu wamechoka na fomu. Wana haki ya kuchoka. Mwalimu mkuu wa huku ndiye karani, ndiye fundi wa paa, na bado anafundisha hesabu gredi ya 6. Kwa hiyo nawasihi msiongeze fomu ya chakula juu ya zilizopo. Ondoeni ile ndefu ya mwisho wa muhula, ambayo kila mtu anaijaza kwa siku moja akikumbuka kwa kukisia, na mahali pake muweke ujumbe huo wa dakika moja kwa siku. Na mwalimu atakayetuma neno la kweli kwamba leo hatukupika, asipigiwe simu ya kukaripiwa kwamba anaiaibisha kaunti ndogo. Siku mtakapomwadhibu mmoja kwa kusema kweli, wengine wote watajifunza kuandika kwamba wamepika.

Lori likitoka ghalani, tumeni ujumbe kwa mwalimu na kwa mzazi yule: shule yenu imepelekewa magunia kadhaa ya kilo kadhaa, tarehe fulani, kwa watoto idadi fulani, kwa siku kadhaa. Kisha maneno hayo hayo yaandikwe kwa chaki ukutani karibu na lango, kwa Kiswahili, mahali ambapo bibi anayempeleka mjukuu wake anaweza kusimama akasoma au akasomewa. Chini yake tuandike kila Ijumaa siku tulizopika. Mizani moja ya kuning'inia kwa kila shule si gharama ya kuizuia serikali. Na kopo la stoo lipimwe mara moja, lipigwe mstari wa rangi, ijulikane kopo moja mpaka mstarini ni kilo ngapi.

Ziara za ukaguzi zije bila taarifa. Kwa sasa taarifa hutangulia, na jana yake stoo inafagiliwa, watoto wanaambiwa waje na sare safi, na siku hiyo pure inajaa maharagwe. Mgeni anaonja, anasifu, anaondoka. Mkija, msiwaulize watoto wamekula nini leo. Waulizeni walikula nini jana, na juzi, na Ijumaa iliyopita. Mtoto wa gredi ya 4 anakumbuka sana, naye hajui kwamba kuna jibu linalotakiwa. Halafu kaeni chini na wapishi bila mwalimu kuwepo. Hao kina mama ndio wanaojua kila kitu: gunia lililofika na fukusi, mafuta yaliyobadilika harufu, wiki ambayo walipika bila chumvi. Wapeni namba ya simu ya ofisi ya afya ya umma na ya kwenu, na mamlaka ya kusema chakula hiki hakipikwi leo, bila kupoteza kazi.

Na takwimu zote hizo, shule kwa shule, zitangazwe kila mwisho wa mwezi. Najua hapa ndipo kutakuwa na ugumu. Afisa ataogopa kwamba shule zake zitaonekana nyekundu, mbunge ataulizwa kwa nini wadi fulani imekula siku 50 na nyingine siku 20. Acheni waulizwe. Sisi tuliosoma wakati wa maziwa ya Nyayo, yaliyoanza 1979, tunakumbuka jinsi yalivyokuwa yakija, halafu yakawa yanaruka wiki, halafu mihula, hadi siku moja watoto wakaacha kuyauliza. Hakuna mzazi aliyewahi kuonyeshwa karatasi ya siku ambazo pakiti zilifika shuleni kwake. Kama hesabu hiyo ingebandikwa ukutani, nadhani watu wangepiga kelele mapema, wakati bado kulikuwa na kitu cha kuokoa.

Waheshimiwa, Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Kwa hiyo naweka maombi yetu mawili hapa mbele ya watu wote. Tupeni, kwa kila shule ya Kaunti ya Kilifi iliyo katika mpango huu, idadi ya watoto iliyotumika kugawa chakula cha muhula uliopita, kiasi kilichopelekwa, na tarehe lori lilipofika. Na mtuambie, kwa maandishi, ni siku ngapi za masomo mnakusudia watoto wetu wale katika muhula ujao, na ofisi gani itawajibika zisipotimia.

Ukuta tumeshaupaka rangi nyeusi. Chaki tunazo. Tunasubiri namba za kuandika.

Wenu kwa heshima,

Mzazi na mwanakamati wa chakula cha shule,
Kaunti ya Kilifi